Kibao cha Umeme cha Gashoho

Jumatatu, 6 Juni 2011. Gashoho.

Nimepata kazi! Serikali imesimika vibao viwili vya umeme barabarani, kimoja hapa Muyinga kwenye kona ya mlima, kingine Mutaho, mkoa wa Gitega. Vinawaambia madereva wapunguze mwendo. Mimi nakaa chini ya kibao, nawapima kwa tochi, naandika kama wanatii. Mutaho wamempa Mustafa, mtoto wa fundi cherehani wa Muyinga mjini. Atakayetuliza magari zaidi ndiye atakuwa msimamizi wa vibao vyote vijavyo. Nilipomwambia Mustafa tochi yangu ni nzuri kuliko yake, akauliza tochi ya nini mchana. Nikamweleza kwamba Tanzania, nilikokulia, kipima mwendo cha trafiki tunakiita hivyo. Hajui kitu, maskini.

Mke wangu Paskazia amesema nikiikosa na hii, tunahamia Butihinda nikalime kwa kaka yake Manase. Manase! Mtu anayeniita mkimbizi wa jembe mbele za watu. Heri nile nyasi.

Jumatano, 8 Juni.

Hakuna anayetii. Kibao kimeandikwa Kifaransa. Watu wa baiskeli wananing'inia nyuma ya malori na ndizi zao, wanapanda mlima wakinicheka. Nasikia Mustafa amebadilisha maneno ya kibao chake, sasa kinasema "buhoro buhoro", yaani polepole, kwa Kirundi cha kila siku, na magari yanapunguza. Mjanja yule! Nimekasirika hadi maharage yamenishinda.

Nimepata wazo. Malori mengi hapa yanatoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Nitawaandikia Kiswahili. Kiswahili safi, siyo kile cha Mustafa cha iko, iko.

Alhamisi, 9 Juni.

Nimeandika mwenyewe, herufi kubwa, zinawaka nyekundu: PUNGUZA MWENDO. SHIKA KUSHOTO. Ndivyo tulivyoimba darasani kule kambi ya wakimbizi Tanzania tangu tukiwa wadogo.

Asubuhi likaja lori la Kahama. Likapunguza. Dereva akasoma, akatabasamu kama mtu aliyefika kwao, akahamia kushoto. Ametii! Wa kwanza! Nikarukaruka peke yangu. Mara kwenye kona likatokea lori la vitunguu, linashuka upande ule ule. Yamekutana uso kwa uso, polepole kabisa, vioo vikashikana. Mtu wa baiskeli akaingia mtaroni na ndizi zake. Wa vitunguu alitukana kwa Kirundi, wa Kahama akajibu kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nyuma ya kibao, nimechuchumaa. Hakuna aliyeumia, asante Mungu. Vitunguu vilivyomwagika vimeokotwa na kina mama wote wa Gashoho.

Ijumaa, 10 Juni.

Malori hayajaachana. Barabara imefungwa, hapiti hata mbuzi. Mustafa kapiga simu, akacheka hadi salio likamwishia. Kabla halijaisha alisema, "Egidius ndugu yangu, huku gari inapita kuume. Kushoto iko ya kwenu Tanzania."

Kwetu Tanzania! Kule walituita Warundi, huku naitwa Mtanzania. Imeniuma sana.

Paskazia ananoa jembe kwenye jiwe. Naogopa. Hata hivyo ripoti nimeiandika kwa ukweli. Waliozidisha mwendo: hakuna. Ajali za mwendo kasi: hakuna. Waliosimama kabisa: wote.

Jumatano, 15 Juni. Gitega.

Kikao. Mkuu wetu ni Madamu Anisia. Mustafa alisoma kwanza: Mutaho wengi wanapunguza, wachache bado. Wakamgombeza kwa ajili ya hao wachache. Kisha wakachukua ripoti yangu. Nikamwona Manase kabisa, amesimama na jembe la ziada.

Madamu akavua miwani. "Gashoho mwendo umeshuka hadi sifuri," akasema.

Wakapiga makofi! Mustafa alisimama aeleze habari ya malori, akaambiwa aache wivu. Mimi ndiye msimamizi! Vibao vyote, Muyinga hadi Gitega, maneno nitaandika mimi. Agizo ni moja tu: trafiki wamelalamikia neno "kushoto", nitafute maneno ambayo hakuna atakayeyakosea.

Alhamisi, 16 Juni.

Nimeyapata. Kushoto na kuume vinawachanganya watu, basi nimevifuta vyote viwili. Nikamsomea Paskazia: PUNGUZA MWENDO. SHIKA UPANDE WA MKONO UNAOANDIKIA. Nani asiyeujua mkono wake?

Akasema taratibu, "Baba Upendo, hebu uinue huo mkono."

Nimeuinua, na kalamu ndani yake. Amekaa chini, kajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Anacheka au analia, sijui. Nimeuangalia vizuri, sioni kosa. Ni huu huu walimu wa kambini waliouchapa miaka nenda rudi, wakitaka niandike na ule mwingine kama wenzangu, nikawashinda. Vibao vinawashwa kesho.