Protini Zangu na Makaa ya Thiong

Jumatatu, 13 Februari 2012

Mwalimu Shadrack ametangaza: Ijumaa atachagua mradi mmoja tu wa kwenda Lodwar kwenye mashindano ya sayansi. Siku tatu Lodwar, na inasemekana kuna maktaba yenye rafu mpaka darini. Yetu hapa Kakuma ina rafu moja na nusu. Lazima niende.

Mradi wangu uko tayari. Protini ikigusa kitu kigumu hunata, kisha hujikunjua na kupoteza umbo lake. Kama mimi nikiitwa ubaoni. Nachukua maji yenye ute wa yai kidogo. Nikitia dawa ya maabara ya kupimia protini, yanageuka zambarau. Lakini nikiyatikisa kwanza na unga wa makaa na kuyachuja, protini inabaki kwenye makaa. Zambarau hakuna. Nimejaribu mara nne. Safi kabisa.

Jumanne, 14 Februari

Mpinzani ni mmoja: Thiong, wa darasa langu, mrefu, anayeongea na watu bila kutazama viatu vyao. Yeye anasafisha maji ya matope, kwa unga wa makaa pia. Leo mbele ya Nyakuoth, msichana wa darasa letu, aliniita Profesa, akauliza kama protini zangu zinanyweka. Wote wakacheka. Nilimjibu vikali sana, saa mbili baadaye, nikiwa peke yangu.

Jumatano, 15 Februari

Nimepata njia. Kitabu kinasema protini zinazofika kwanza hukalia nafasi zote. Zinazofuata hazina pa kushika. Basi makaa yaliyokwisha kushiba maziwa hayatashika kitu kingine. Wakati wa chakula cha mchana, nilichukua kopo la makaa la Thiong maabara na kumimina humo nusu lita ya maziwa ya mbuzi wa shangazi. Nikakoroga, nikasuuza mara tatu, harufu ikaisha. Protini haitoki hivi hivi. Nikaanika juu ya bati. Kwa jua hili, ilipofika saa tisa yalikuwa vumbi. Nikarudisha.

Alhamisi, 16 Februari

Nimeficha kopo langu la makaa jikoni mwa shule, karibu na ndoo ya majivu. Dunia ina watu wabaya.

Ijumaa, 17 Februari

Asubuhi kopo langu lilikuwa tupu. Mama Nawoi, mpishi, alisema alidhani ni majivu, akayamwaga chooni. Kopo ameliosha, nimshukuru. Nilipomwambia ni makaa ya mradi, aliuliza tangu lini makaa yanasomewa.

Zilibaki dakika kumi. Thiong akasikia. Akasema mbele ya mwalimu nichukue yake, yeye ameyaacha tangu jana kwa sababu yanachafua shati, sasa anatumia mchanga wa lagga, ule mto mkavu. Akanishika bega, akaniita ndugu yangu. Nilisema si lazima. Mwalimu akasema makaa ni makaa, nianze.

Nikatikisa. Nikachuja. Nikatia dawa. Zambarau, kama vazi la askofu.

Maji ya Thiong yalitoka maangavu. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nadharia yangu ni ya uongo. Hapo nikaudhika. Nikasema kwa sauti, bila kutazama viatu vya mtu, kwamba nadharia ni kweli tupu. Makaa haya yamejaa protini tayari, nafasi zote zimekaliwa na maziwa ya mbuzi.

Mwalimu akauliza nimejuaje kuwa ni ya mbuzi.

Nikajikunjua.

Jumamosi, 18 Februari

Thiong ameenda Lodwar. Kabla ya kupanda gari alikuja kuniuliza nataka anisomee kitabu gani kule. Nilimpa orodha ya vitabu kumi na kimoja. Akasema Profesa, mimi naenda siku tatu, si miaka mitatu. Ni mtu mwema, inakera.

Mimi nimebaki jikoni nakwangua sufuria za chai, adhabu ya wiki mbili. Nimetafakari kosa langu kwa uaminifu. Nilitia maziwa kopo zima. Mwakani nitatia nusu ya chini tu, ya juu ibaki safi, kwa matumizi yangu.