Mheshimiwa Kipkirui Amhurumia Mwenzake

Umma wa eneobunge la Mawe Mbili ulitangaziwa kwa vipaza sauti, kuanzia steji ya matatu hadi soko la viazi, kwamba binti yao Jepkoech, aliyeenda Uingereza kuuguza wazee akaishia kuchaguliwa mbunge huko, anakuja kumsalimia mama yake, na kwamba Mheshimiwa Kipkirui, mbunge wao, atampokea kwa niaba ya Bunge, Serikali na mvua.

Mheshimiwa alikuwa na nia njema kabisa. Aliunda Kamati ya Kukadiria Hadhi ya Mgeni, akajiteua mwenyekiti, na mgeni alipoketi tu kikao kikaanza, kabla chai haijamiminwa.

"Wamekupatia gari ngapi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Naenda na treni."

"Bodigadi?"

"Sina."

"Sawa, wewe bado mpya. Sasa huko mtu anapanda cheo aje?"

Jepkoech alieleza bila aibu. Unaanzia viti vya nyuma, unapiga kura unavyoambiwa. Ukiwa na nidhamu, unateuliwa msaidizi wa waziri: unambebea faili na kumwambia wenzako wananung'unikia nini. Hiyo haina mshahara. Ukivumilia, siku moja unaweza kuwa waziri mdogo.

Mheshimiwa alimtazama Sydney, msaidizi wake, aliyesimama nyuma ya kiti na simu tatu, koti na mwavuli. Huruma ikamshika kwelikweli. Yaani kule mtu anachaguliwa na maelfu ili awe Sydney!

"Pole sana, dada. Tutakusaidia."

Kamati ikaidhinisha papo hapo Semina ya Kumwinua Mbunge Aliyekwama, itakayofanyika Ijumaa. Mada ya kwanza: namna ya kuchelewa.

"Ijumaa sitaweza," Jepkoech akasema. "Ijumaa nasikiliza watu. Nimezoea hivyo."

Ijumaa hiyo aliweka meza mbele ya duka la mama yake. Alikuja mathe mmoja tu, mama wa mwanafunzi, akalalamika kwamba tangi la shule lina picha ya Mheshimiwa lakini halina maji. Jepkoech akapigia ofisi ya maji simu, akamuuliza afisa jina lake kamili, akaliandika. Jumanne maji yakatoka. Habari ya maji haihitaji kipaza sauti.

Ijumaa iliyofuata Mheshimiwa alifika na magari manne, akakuta laini imetoka dukani, imepita kanisa, imefika kinu cha mahindi. Hakuwa amewahi kuona watu wengi hivyo ambao hakuwalipa. Uchaguzi ulikuwa mwakani.

Akaenda moja kwa moja mbele.

"Boss, panga laini," akasema mathe aliyebeba mtoto mgongoni.

"Mimi ni Mheshimiwa."

"Hata mimi niko na haraka."

Akapanga. Sydney, aliyetangulia kushuka ili amfungulie mlango, alikuwa ameshapanga mbele yake, na shida zake zilichukua dakika arobaini.

Zamu ya Mheshimiwa ilifika saa nane. Jepkoech alifungua ukurasa mpya bila kuinua kichwa.

"Shida ni gani, mzee?"

"Watu wangu wameniacha," akanong'ona. "Nikiongea hakuna anayesikiza. Naogopa nitapoteza kazi."

Jepkoech aliandika yote, neno kwa neno, akapiga mstari chini yake.

"Pole sana. Lakini mimi hapa ni mgeni tu. Hiyo umpelekee mbunge wako."

Mheshimiwa akajibu kabla hajafikiri, kwa uchungu, kama ambavyo mtu yeyote wa Mawe Mbili angejibu:

"Huyo? Huyo hapatikani."