Baba wa Bi Harusi na Kamera ya Filamu Pana

Naryn, mwanzoni mwa Septemba

Kwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Wapiga Picha wa Filamu Pana

Ndugu Mwenyekiti, kaka Ishenaly,

Nakusalimu kwanza, maana uvumilivu umeniishia lakini adabu bado ninayo. Mimi ni Zuurakan, mke wa mwanachama wako Jyrgalbek, yule anayewarushia kikundini picha za mlima uleule kana kwamba una mpango wa kuhama. Nakuomba kwa unyenyekevu mumfukuze. Sababu ni hizi.

1. Safari yenu ya vuli mmeipanga siku ileile tunayomtoa binti yetu Begimai kwenda kwa mumewe. Kwetu binti havuki kizingiti kabla baba yake hajafungua viganja na kumwombea dua. Nilipomkumbusha, Jyrgalbek akanijibu, "Mama Begimai, dua naweza kuisoma kwa simu. Mwanga hauji kwa simu." Hayo ndiyo mnayomfundisha?

2. Kamera yenyewe. Ni sanduku la Kirusi lenye uzito wa mwanakondoo, na kulichungulia lazima uinamishe kichwa. Mume wangu, ambaye msikitini huenda kwa kubembelezwa, mbele ya sanduku hilo huinama saa nzima. Humo ndani kushoto huwa kulia na kulia huwa kushoto. Sishangai tena akirudi nyumbani akiona kila kitu kinyume.

3. Kushirikishana kwenu. Anayeweka picha lazima ataje kamera, lenzi, filamu na muda aliosubiri. Kisha mnaanza: "Mwanga huo!" "Kina hicho!" "Filamu ni filamu, ndugu yangu!" Nimezisoma sifa zote za mwaka huu, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema neno kuhusu mlima. Tena kwa kuwa filamu husafishwa mbali, Bishkek, na kurudi baada ya miezi, theluji ya Februari mliisifu sisi tukikata majani ya ng'ombe. Mpwa wangu alipoweka picha ya simu, nzuri tu, mkamtoa kama mtu aliyekanyaga zulia na viatu.

4. Watu hamuwataki. Mwezi wa Juni mama mkwe wa Begimai alikuja kumvisha hereni za uchumba, na Jyrgalbek akapewa kazi ya kupiga picha. Roli moja ya filamu ni picha kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa za mlima. Ya mwisho ilikuwa na mgongo wa mama mkwe, pembeni kabisa. "Nimemwacha makusudi," akaeleza, "ili mlima uonekane mkubwa." Mama mkwe alikuwepo akisikiliza.

5. Hapa ndipo nilipofika mwisho. Ile picha ya ukungu wa bonde la At-Bashy, mliyoitundika Nyumba ya Utamaduni na kuipa nafasi ya kwanza, ndiyo iliyomharibu kabisa. Sasa anatembea kama mkuu wa wilaya. Mliandika chini yake, "Subira ya mwindaji." Subira! Mtu huyu hawezi kungoja chai ipoe. Na hakuna aliyemuuliza kwa nini ukungu ule ni laini hivyo. Ni kwa sababu jua lilikuwa bado halijagusa ukingo wa kulia. Lingegusa, pangekuwa na uji mtupu.

Kwa hiyo, mfukuzeni. Kama hamwezi, basi ahirisheni safari. Hilo nalo likiwashinda, njooni nyote na masanduku yenu mumpige picha Begimai badala ya mlima. Atavaa nyeupe na atasimama bila kutikisika, nami nitawaandalia kondoo. Nyumba yangu haina haja ya sifa zenu. Ina haja ya viganja viwili vya baba, mlangoni, asubuhi ile.

Msalimie mkeo Burulcha, ambaye najua barua kama hii anayo kichwani. Wasalimie wanachama wote, na mlima pia, kama mmewahi kuutazama bila kioo.

Wako kwa heshima inayopungua,
Zuurakan

N.B. Ile picha ya ukungu niliipiga mimi. Jyrgalbek alikuwa garini, amelala mdomo wazi. Rekebisheni jina pale ukutani. Na tarehe ya safari msiiguse: jana nilikwenda bondeni kuangalia, majani yatageuka manjano siku hiyohiyo yenu wala hayatamngoja mtu. Nimeshazungumza na wakwe. Harusi tumeisogeza wiki moja mbele. Tuwekeeni nafasi mbili garini, ya dirishani iwe yangu. Msiwe na wasiwasi na dua. Siku ya harusi atasimama mlangoni viganja vitupu, maana filamu zote nitakuwa nimezimaliza mimi.