Abass Hataki Mchicha

Ijumaa, 1 Agosti 1986. Makorora, Tanga.

Kazija kaondoka jana na meli kwenda Pemba. Dada yake kajifungua. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, na hatarudi peke yake. Anakuja na mama yake, Bi Mwamvua.

Niandike mambo yalivyo, ili baadaye asitokee mtu akanisingizia. Mwanangu Abass ana miaka sita na ni mwembamba. Sikukuu iliyopita Bi Mwamvua alimshika mkono, akauzungushia vidole viwili, vikakutana na nafasi ikabaki. Akasema mbele ya watu kwamba akija tena akamkuta mjukuu wake hali ile ile, atamchukua akamlee mwenyewe huko Wete. Bi Mwamvua hafanyi mzaha. Aliwahi kumchukua mbuzi wa jirani yake kwa sababu hiyo hiyo ya wembamba, na mpaka leo hajamrudisha.

Tatizo nalijua. Miaka ile ya foleni, maduka matupu, tulikula unga wa yanga, ule wa njano, na hakuna mtoto aliyesusa. Sasa maduka yamejaa tena. Kila genge lina biskuti. Abass na dada yake Maryam wanaishi kwa biskuti, maandazi na chai. Kikionekana kitu cha kijani sahanini, wanakisogeza kwa ncha ya kidole kama mtu anayeondoa mdudu.

Mimi ni fundi redio, kwa hiyo nasikia mengi. Leo nilikuwa nachomelea waya kwenye redio ya mteja, mtaalamu wa lishe akawa anazungumza. Akasema jambo kubwa kuliko yote katika kumzoesha mtoto chakula bora ni... Redio ikakatika. Ilipowaka tena walikuwa kwenye bei ya mkonge.

Si neno. Yaliyobaki nayajua mwenyewe.

Jumamosi, 2 Agosti

Mpango wa kwanza. Mtoto hali mchicha kwa sababu anauona. Asipouona atakula. Nikautwanga mchicha, nikaukandia kwenye unga, nikapika chapati.

Sikujua kwamba mchicha una rangi nyingi kiasi kile. Chapati zilitoka kijani kama mlango wa msikiti. Nikawaambia watoto ni chapati za Ulaya, zimeanza kuingia nchini juzi. Maryam, mwenye miaka tisa na ulimi wa mama yake, akauliza kama Ulaya nako kuna mchicha. Abass akanusa yake, akasema baba, imeota kuvu. Wakanywa chai kavu wakaenda kucheza.

Mimi mwenyewe sikuzila. Mchicha sijala tangu utoto, haupatani nami. Lakini mimi nimeshamaliza kukua, hainihusu. Nikatoka nikala mishikaki kwa muuzaji wa kona. Niliporudi Maryam akaninusa kifuani. Sikupenda alivyoninusa.

Jumapili, 3 Agosti

Jirani yangu Manase ni Msambaa, Mlutheri, anafanya kazi reli. Mtu mwema, na ndiyo sababu simpendi. Leo walirudi kanisani, wakatandika mkeka barazani kwao, wakala makande na matembele. Watoto wake wanne wakala mpaka wakakomba sinia. Baraza yetu inatazamana na yao. Sioni kwa nini watu wasile ndani.

Akaja baadaye kunisalimu. Akauliza kwa upole kama Abass anaumwa. Nikamjibu kwamba ukoo wetu ni wa watu wembamba wenye nguvu. Akatazama tumbo langu, akasema aah, kweli.

Nitamwonyesha.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango wa pili. Huu una akili zaidi. Mtoto hutaka anachokatazwa. Nikanunua mapapai matano mazuri, yameiva. Nikawaita wote wawili, nikatangaza kwa sauti nzito kwamba mapapai haya ni ya watu wazima tu, na atakayeyagusa atanitambua. Nikayaweka mezani, mlango wazi, nikaenda kwenye meza yangu ya kazi kusubiri waibe.

Hawakuiba.

Jumanne, 5 Agosti

Hawajaiba. Sijawahi kuona utii wa namna hii katika nyumba hii. Jana niliwaambia mara tatu waoshe miguu, hawakuosha. Mapapai hawayapitii hata karibu. Nimemsikia Maryam akimfahamisha mtoto wa jirani kwamba papai kwa watoto wa Kiislamu ni haramu, baba kasema.

Jioni yakaanza kulainika. Kutupa chakula siwezi. Nikala yote mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Sikufungua kazi asubuhi. Nilikuwa na shughuli uani.

Mchana nikapata nguvu na mpango wa tatu. Njaa. Mtoto mwenye njaa hachagui. Nikakusanya biskuti zote zilizokuwa ndani, nikawaza pa kuzificha. Kabatini watazipata. Chini ya kitanda watazipata. Nikazitia ndani ya redio kubwa ya mbao, moja ya zile za zamani zinazopata moto, nikafunga skrubu. Watoto nikawaambia biskuti zimekwisha Tanga nzima.

Nikatoka kwenda kuswali. Kumbe redio ile nilishaimaliza, na mwenyewe, Bwana Haji wa Nguvumali, akapita kuichukua. Maryam akampa. Akampa na salamu zangu.

Alirudi kabla ya magharibi ameibeba kichwani, ananuka moshi. Anasema aliwasha kusikiliza taarifa ya habari, akasikia harufu ya keki. Mkewe akafurahi. Kisha wakaona moto. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu, ufundi huu nilisomea wapi.

Lakini hilo si la maana. La maana ni hili. Watoto hawakupata biskuti mchana kutwa. Jioni nikawawekea wali, samaki na bamia, nikakaa juu ya kiti kuwasimamia. Nikawaeleza faida za bamia, moja baada ya nyingine. Wakaonja wali, wakasema wameshiba. Wakalala wakitabasamu.

Wameshiba nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimewafuata.

Walipotoka madrasa hawakuja nyumbani. Wakapita nyuma, wakaingia uani kwa Manase kama watu waliozoea. Nikazunguka, nikajibanza nyuma ya ua wake wa makuti, nikapanua tundu kidogo kwa kidole.

Mke wa Manase, Dorkasi, ambaye sote tunamwita Mama Chiku, alikuwa anapika. Maryam wangu akakaa juu ya mbuzi akaanza kukuna nazi. Abass akapewa matembele achambue. Akachambua kwa makini, ulimi nje, jani moja moja. Halafu akaachiwa mwiko akoroge, Chiku kamshikia sufuria. Chakula kilipoiva Manase akaja, akanawa, wakakaa wote kwenye mkeka, baba, mama na watoto, sinia moja. Hakuna aliyesema neno juu ya chakula. Walizungumza habari za ng'ombe aliyepotea Muheza akapatikana ndani ya behewa.

Abass akala. Makande, matembele, akala tena. Akacheka habari ya ng'ombe mpaka akapaliwa, Manase akampiga mgongoni. Nilisimama pale nikajaribu kukumbuka lini nimemwona mwanangu anacheka na chakula mbele yake. Sikukumbuka. Nikaegemea ua.

Ua ukaanguka.

Nikaanguka nao, mpaka karibu na mafiga. Kuku wakatawanyika. Manase hakushtuka hata kidogo. Akasogea kunipa nafasi. “Karibu, Baba Maryam. Tunakula.”

Mama Chiku akaniletea maji ya kunawa. Nikamuuliza, nikijitahidi kuwa na heshima huku makuti yapo kichwani, amewapa nini wanangu. Dawa gani.

“Dawa? Wanakuja tangu Kazija asafiri. Nilidhani unajua.”

“Lakini unawaambia nini mpaka wanakula?”

Akafikiri. “Siwaambii kitu. Wanapika na sisi, tunakula, nao wanakula.” Kisha akauliza, “Kwani nyumbani wewe hukai nao?”

Nikamwambia mimi hula kwenye meza yangu ya kazi, kwa ajili ya kusikiliza redio. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea makande. Nikala kidogo kwa adabu, kisha nikala mengi. Matembele sikugusa. Abass alikuwa ananitazama.

Nimerudi nyumbani nimefikiri sana. Jibu liko wazi. Njaa niliyoitengeneza mimi ndiyo iliyowafungua tumbo. Mama Chiku kavuna nilichopanda.

Ijumaa, 8 Agosti

Mgongo unauma. Ua wa Manase nimeusimamisha, umelala upande wetu, lakini umesimama.

Mchana Abass akaja akaomba kupika. Kwa kuwa mgongo unauma nikamwachia. Maryam akawasha moto. Abass akaosha mchicha, akaniuliza kama umetakata, nikasema sijui, akauosha tena. Nikakuna nazi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini na sikuweza kuinuka. Maryam akasema nakuna vibaya. Tukacheka. Nikawahadithia mkasa wa Bwana Haji na keki, wakacheka zaidi, na Maryam akakiri kwamba alisikia biskuti zinacheza mle ndani alipokuwa anampa.

Wakatandika mkeka. Redio yangu ilikuwa mbali, sikuweza kuifuata. Abass akapakua mchicha wa nazi, akaniwekea wa kwanza, akasubiri.

Sijala kitu hiki tangu nilipokuwa na umri wake. Nikatazama mlangoni, hakuna njia. Nikala. Si mbaya sana ukimeza haraka. Abass akatia mkono, akala. Maryam akala. Sinia likaisha tukiwa bado tunazungumza.

Sasa nimeipata siri, na nashangaa haikunijia mapema. Ni mkeka. Mtoto akikaa chini tumbo hujikunja vizuri. Nitatafuta mkeka mkubwa zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Meli imefika. Nimeandika mengi, mkono unauma.

Asubuhi nilimpima Abass mkono kwa vidole. Vilikutana, nafasi ikabaki ile ile. Kula siku chache hakunenepeshi mtu, mtaalamu yeyote atakwambia. Lakini Bi Mwamvua si mtaalamu. Kwa hiyo nikamvalisha Abass mashati matatu na sweta la mitumba, la watu wa baridi. Akaonekana mtoto wa maana kabisa. Akasema anasikia joto. Nikamwambia asikunje mikono.

Bi Mwamvua akaingia, shikamoo, marahaba, akamvuta mjukuu wake kifuani. Akatulia. Akaanza kumfungua vifungo.

“Mtoto huyu kavaa nguo za watu wangapi?”

Akavua sweta. Akavua shati. Akavua shati jingine. Kila nguo iliyotoka, mimi nilipungua. Alipofika mwisho, Abass alikuwa ameloa jasho na amekuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Bi Mwamvua akamzungushia vidole mkononi. Hakuniangalia. Akamwambia Kazija amkusanyie mtoto nguo zake, meli itarudi Jumanne.

Kazija akanitazama. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya tumbo na mkeka, yakapotea yote. Nikasema tu, “Mama, usinichukulie mwanangu.” 

Akatoa tasbihi yake. Sijui ningefanya nini. Lakini Abass alishatoka, yuko uani na dada yake, nasikia vyombo. Bi Mwamvua akawa anahesabu tasbihi, Kazija anakunja yale mashati. Kisha mtoto akaingia kifua wazi, kabeba sinia kubwa kuliko yeye. Wali, dagaa, mchicha wa nazi. Akalitua mbele ya bibi yake bila kumwaga.

“Bibi, karibu tule. Nimepika mimi na Maryam.”

Akakaa, akaanza kula. Bi Mwamvua akamtazama anavyokula mchicha, tonge baada ya tonge, bila kusimamiwa na mtu. Akanawa, akaonja. Akaonja tena. Akasema chumvi imezidi kidogo. Halafu akasema marehemu babu yake Abass naye alikuwa mwembamba hivi hivi, kama ufito, na alipanda mikarafuu mpaka siku anakufa. Mtoto anakula, basi. Nguo arudishiwe kabatini.

Nikatoka uani nikajifanya natafuta kuni.

Kazija akanifuata, akauliza nani kamfundisha mtoto kupika. Wakati huo huo Manase alikuwa anapita na fimbo kuegemeza ule ua. Akasimama kusikiliza jibu.

Nikasema ni mpango wangu. Ulikuwa na hatua tatu.

Manase akasema hongera, Baba Maryam. Akaendelea kuegemeza ua. Kwa kweli mtu huyu haelewi hata anapojibiwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imetulia. Asubuhi nimekula kwenye meza yangu ya kazi, kuna kazi ya Bwana Haji. Wenzangu nikawasikia wanacheka mkekani. Watoto wameshajengeka sasa, hawanihitaji pale. Nimemshauri Manase kuhusu malezi, kwa kifupi, na atafaidika akitaka.

Ila nimeona jambo. Bi Mwamvua amesema atakaa nasi mpaka mwezi wa kumi. Anapokunywa chai anatia sukari vijiko vinne, vya kujaa. Kwa umri wake ni hatari kubwa. Kumwambia moja kwa moja hakufai, mtu hataki kuambiwa. Atazoea asipojua.

Kesho kabla hajaamka nitachanganya mkebe wa sukari, nusu kwa nusu, na chumvi. Zinafanana. Kazija sitamwambia, hana subira na mambo ya kitaalamu.