Kinaya Bila Kibali

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kinaya chochote cha Kiingereza kitakachoingia katika jengo letu bila kibali cha maandishi. Tangazo lilibandikwa ghorofa zote sita. Nililibandika mimi mwenyewe, kwa miguu, kwa kuwa lifti zilikuwa hazifanyi kazi.

Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Utambuzi na Udhibiti wa Kinaya. Yote nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu, na mengi niliyapigia muhuri kwa mkono wangu. Jengo ni la Mamlaka ya Ngazi na Lifti za Majengo ya Umma. Watu wa mtaani wanatuita Mamlaka ya Magoti. Hilo si jina rasmi.

Mambo yalianza na mwandishi mmoja mgeni, mwenye miwani na chupa ya maji, aliyepanda mpaka ghorofa ya sita kumhoji Mkurugenzi. Alihoji dakika kumi, akapumzika arobaini, akaenda zake. Baada ya wiki tatu tukaletewa gazeti la Kiingereza lenye picha ya Mkurugenzi akiwa amesimama kando ya lifti. Kiingereza cha Mkurugenzi ni cha mikutano: anakielewa kikisemwa polepole na mtu anayetabasamu. Akaagiza makala itafsiriwe.

Mfasiri wetu ni mama mmoja mtaratibu, mjane, amekaa na sisi miaka kumi na tisa. Tunamwita Mama Mkato, kwa sababu hawezi kuona sentensi bila mkato mahali pake akanyamaza. Alileta tafsiri kabla ya saa sita. Ilisomeka hivi:

"Ni nadra kukuta mamlaka inayojali afya ya umma kiasi hiki. Lifti zote saba zimesimamishwa, hivyo kila mwananchi mwenye shida anapata mazoezi ya bure. Mkurugenzi ni mtu wa kasi ya ajabu. Katika muda ambao mtu wa kawaida angetengeneza lifti moja tu, yeye ameshaunda kamati nne."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili akiwa amekaa na mara moja akiwa amesimama. Akaagiza iwekwe kwenye fremu. Nakala alizigawa kwa wakuu wa vitengo, kwa jirani zake, na kwa wakwe. Miezi mitatu tuliisoma kwa sauti kila kikao cha Jumatatu, na mahali pa kamati nne tulipiga makofi.

Siku moja akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Alikuwa amepita tu kusalimia. Alifika juu jasho linamtiririka, akashika ukuta, akajikuta anatazamana na fremu. Akasoma. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na mkoba wake.

"Shemeji," akasema alipoweza, "nani amekutundikia hii?"

"Nimeitundika mwenyewe. Nimesifiwa."

"Umesimangwa, shemeji. Tena umesimangwa na fundi. Hicho ni kinaya. Anasema hivi, anamaanisha vile."

"Vile vipi?"

"Kwamba hamfanyi kazi."

Mkurugenzi aliishusha fremu kwa mikono yake, akaigeuza uso ukutani. Shemeji akapewa soda. Nilipokea maagizo ya kuunda kamati ya tano.

Kwanza tulimshughulikia Mama Mkato. Shauri lake lilisikilizwa Alhamisi, katika chumba cha mikutano chenye viti kumi na viwili na feni moja. Shitaka nililisoma mimi: kwamba alipokea maandishi yenye kinaya, akayatafsiri bila kukitamka kinaya hicho, na hivyo kumfanya kiongozi wa umma afurahi kwa makosa kwa muda wa siku tisini na mbili. Alikuwa amekaa ameweka mikono juu ya magoti. Ana watoto wawili chuoni, na alibakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Alijua fika tulichomwitia.

"Una la kusema?" Mkurugenzi akauliza.

"Mkurugenzi, nilitafsiri maneno yote. Hakuna hata moja nililoliacha."

"Na kinaya ulikipeleka wapi?"

"Kimo humo humo. Kilikuja na maneno, na nikakuletea na maneno."

"Mbona sikukiona?"

Mama Mkato alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Hakionekani kwa macho," akasema. "Waandishi wa Kiingereza wana alama ya kuuliza, wana alama ya mshangao, wana vistari vya kila namna. Ya kinaya hawana. Wanamwachia msomaji."

"Huo si utaratibu."

"Ndiyo desturi yao. Mwingereza akipenda kitu sana, anasema si kibaya. Akichukizwa nacho, anasema kimemvutia. Akianza na 'kwa heshima zote', ujue heshima imekwisha. Na hata wao hawajakubaliana kinaya ni nini. Kitabu kimoja kinasema ni kusema kinyume cha unachotaka kusema. Kingine kinasema ni kama duka la miavuli kuvuja paa. Na kuna aina nyingine, ya kwenye michezo ya kuigiza: watazamaji wote wanajua linalomsubiri mtu, yeye peke yake ndiye hajui, naye anaendelea kujivuna jukwaani."

"Mtu wa namna hiyo si mjinga sana?" Mkurugenzi akauliza.

"Si mjinga, Mkurugenzi. Hawajamwambia tu. Au wamemwambia, hakusikia."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kumhurumia mtu huyo.

Hukumu ilikuwa kufukuzwa kazi. Hapo likajitokeza tatizo la kiutawala. Barua ya kufukuza lazima iende kwa Bodi, na Bodi hupokea barua kwa Kiingereza tu, kwa sababu mambo yake ni mazito. Mtu wa kuandika Kiingereza kinachoeleweka katika jengo zima alikuwa mmoja.

"Nitaiandika," Mama Mkato akasema. "Nitaiandika vizuri kabisa. Nitakusifu humo."

Mkurugenzi akamtazama. Akanitazama mimi. Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Hapana," akasema. "Abaki. Lakini apewe masharti."

Sharti lilikuwa moja, nami najivunia kwamba nililitunga. Liliandikwa hivi: "Kwa kuwa imethibitika kwamba maneno ya mfasiri yakiwa sahihi maana yake huwa kinyume, kuanzia leo kauli yake yoyote ichukuliwe kinyume." Mama Mkato alisaini. Aliuliza tu kama aweke mkato baada ya "sahihi". Akakatazwa. Meza yake ikahamishiwa koridoni, karibu na choo cha wageni.

Kamati ilianza kazi kwa ari. Tulikuwa watatu: mimi, Afisa Ugavi na Afisa Usalama. Tulitengenezewa mihuri miwili, mwekundu wa KINAYA na wa bluu wa SI KINAYA. Agizo lilikuwa kukagua kila neno la Kiingereza lililomo jengoni.

Tulianzia chini. Kwenye lifti ya kwanza kulikuwa na kibao kinachosema inabeba watu wanane. Tulijadiliana. Afisa Usalama akashuhudia kwamba katika utumishi wake hajaona ikibeba hata mmoja. KINAYA. Chini yake kulikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyosema huduma imesitishwa kwa muda mfupi. Karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka njano. KINAYA. Kwenye sanduku la maoni paliandikwa kwamba maoni ya mwananchi yana thamani kubwa kwetu. Afisa Ugavi alitafuta ufunguo wa sanduku hilo, akagundua halikuwahi kuwa na ufunguo. KINAYA. Kwenye kila mlango palipoandikwa "Karibu" kwa Kiingereza tulipiga muhuri mwekundu bila mjadala.

Wananchi walianza kuja kutazama. Walisimama mbele ya lifti wakisoma, wakapigana mabega. Mzee mmoja alinishika mkono, akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo hii ni mara ya kwanza Mamlaka imesema kweli. Niliiingiza kauli yake kwenye taarifa ya wiki kama pongezi, na Mkurugenzi akaipitisha.

Nadhani habari hizo ndizo zilizofika kwenye Bodi, maana haukupita mwezi tukapokea barua yao. Ilikuwa fupi. Bodi ilisema imevutiwa sana na utendaji wa Mkurugenzi. Kwamba kwa masikitiko inampunguzia mzigo wa majukumu kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao. Kwamba akabidhi ofisi kwa mrithi wake atakayefika siku hiyo. Kwamba inamtakia mapumziko mema.

Hayo yote tuliyapata kwa kamusi, watu watatu, kutwa nzima. Kisha kamati ikakaa na Mkurugenzi mwenyewe akiwa mwenyekiti.

"Tuanze na 'imevutiwa sana'," nikasema. "Kwa mujibu wa ushahidi tulionao, Mwingereza akisema kimemvutia, ana maana kinyume."

"Kwa hiyo barua ina kinaya," akasema Afisa Ugavi.

"Na barua ikiwa na kinaya mwanzoni, haiwezi kukitupa katikati. Inakwenda nacho hadi mwisho."

Mkurugenzi hakuwa ametulia. Mguu wake ulikuwa ukigonga chini ya meza. "Mwiteni yule mama," akasema.

Mama Mkato aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Nilimtazama usoni nikitarajia kumwona akifurahi, kwa maana meza yake ilikuwa bado karibu na choo. Hakufurahi.

"Mkurugenzi," akasema kwa upole, "mstari wa kwanza una kinaya kidogo. Iliyobaki haina kabisa. Wamekuondoa. Tarehe mosi uwe umefungasha."

Mguu wa Mkurugenzi ukatulia. Akaegemea kiti.

"Katibu, umeandika alivyosema?"

"Nimeandika, Mkurugenzi."

"Na sharti la maneno yake linasemaje?"

"Yachukuliwe kinyume."

"Kinyume cha kuondolewa ni nini?"

"Ni kubaki, Mkurugenzi."

"Mkurugenzi, nakuomba," Mama Mkato akasema. "Sikutanii."

"Hilo nalo liandike, Katibu. Kinyume chake."

Ziliagizwa soda kwa wajumbe wote. Mkurugenzi akaamuru Bodi iandikiwe: kwamba ameipokea barua yao kwa furaha, kwamba anashukuru kuongezewa muda, na kwamba mrithi wake atapokewa kama anavyostahili.

"Niandike hivyo hivyo?" Mama Mkato akauliza.

"Hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Hakuongeza. Wiki iliyofuata Bodi ikajibu kwa mistari miwili. Walisema wamecheka mpaka machozi, kwamba hawakujua kuwa Mkurugenzi ni mcheshi hivyo, na kwamba ni wachache wanaoweza kuondoka kwa moyo mkunjufu namna hiyo. Kamati ilipiga KINAYA bila hata kukaa.

Tarehe mosi, saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja wa makamo alifika ghorofa ya sita. Alikuwa amevaa viatu vya chini na ameshika begi. Alivuta pumzi kidogo, akajitambulisha kuwa ndiye Mkurugenzi mpya.

Mkurugenzi wetu alisimama, akampa mkono, akanikonyeza.

"Karibu sana, mrithi wangu. Ofisi ni yako."

"Nashukuru. Nilidhani utakuwa umeshahamisha vitu."

"Nimehamisha vyote," akasema, huku amezungukwa na vitu vyake vyote. Akarudi kwenye kiti, akakaa.

Yule mama alitazama kiti, akatazama aliyekikalia.

"Kaka, naomba funguo."

"Bila shaka. Chukua na kofia yangu."

"Sijaja kutaniana. Nina barua ya uteuzi hapa."

"Ya Kiingereza?"

"Ndiyo."

Mkurugenzi akaipokea, akaitazama kwa mbali kama mtu anayekagua samaki sokoni, akanikabidhi. "Mwekundu," akasema. Nilikuwa na muhuri mkononi. Yule mama akanitazama, na kwa sababu ambazo mpaka leo sijazipatia jina la kiutawala, sikuupiga.

Akaniuliza kwa sauti ya chini nini kinaendelea katika ofisi hii. Nikamweleza kwa utaratibu, kuanzia fremu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti cha wageni, akafunika macho kwa kiganja. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Basi aitwe mlinzi," akasema alipomaliza kucheka.

Mlinzi alishafika, na nyuma yake watumishi wa ghorofa nzima walikuwa wamejazana mlangoni. Wote walijua. Mkurugenzi peke yake aliwatabasamia, akawapungia mkono, akawaambia warudi kazini, mgeni anaondoka sasa hivi. Mlinzi alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea kwenye kiti.

Hapo Mama Mkato akapenya katikati ya watu. Alimwomba mlinzi asubiri. Akaenda mpaka kwenye meza, akainama kidogo, kama mtu anayesema na mgonjwa.

"Mkurugenzi," akasema, "hakuna mtu anayekuondoa. Unabaki. Huyu mama amepotea njia. Utakaa kwenye kiti hicho miaka mingi sana."

Tabasamu lilimwisha taratibu, kuanzia upande mmoja. Alimtazama Mama Mkato, akamtazama yule mama mwenye begi, akawatazama waliokuwa mlangoni. Kisha akasimama. Alichukua koti lake, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Asante, Mama Mkato," akasema. "Safari hii nimekuelewa."

Alishuka ngazi zote peke yake. Katika kumbukumbu za siku hiyo nimeandika kwamba Mkurugenzi alithibitishwa kuendelea na kazi, akaenda nyumbani.