Shemeji Yangu Hana Ugonjwa

Jumatatu, 5 Agosti

Tumefika shambani kwa Ballantyne. Kondoo elfu sita, wanyoaji sita, baridi ya kukata masikio. Kabla sijashusha hata godoro, mzee Ballantyne kaniita pembeni. Mwaka huu ana sharti. Kila mnyoaji wangu apimwe afya: masikio, mapafu, mgongo, moyo. Muuguzi, sista Noeleen, anapita Alhamisi na gari lake la vipimo, siku hiyo tu. Nikikataa, mwakani kazi anampa Schultz.

Schultz! Mwenye timu pinzani, mwanamume anayepiga pasi hata jinzi. Aliwapima watu wake wote mwaka jana, na tangu hapo hatupumui pale baa. Eti mmoja alikutwa na bega bovu, akamhamishia kwenye kufunga marobota ya sufu, na hadi leo hajakosa kazi. Eti kumpima mtu ni nafuu kuliko kutafuta mwingine katikati ya msimu. Mimi watu wangu nawapima kwa macho. Mtu anayemaliza vipande sita vya nyama asubuhi ni mzima.

Tatizo ni Clarrie. Kaka yake mke wangu Lorna, na mnyoaji wangu wa kwanza. Karibu kondoo mia mbili kwa siku! Timu ni yeye, sisi wengine mapambo. Siku hizi akimaliza kondoo anashika nguzo na kutweta, mkono kifuani. Anasema ni kiungulia. Namwamini. Sista akimgusa atamsimamisha kazi, na bila Clarrie msimu wangu umekwisha. Lazima nitumie akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 6 Agosti

Niliwahi kusikia kwamba bitiruti inatuliza moyo. Lorna ndiye mpishi wetu, na stoo yake imejaa makopo ya bitiruti. Jana jioni nilimnywesha Clarrie maji ya makopo manne. Nikamwambia ni dawa ya kiungulia. Akanywa. Hajawahi kunikatalia kitu, huyu mtu.

Asubuhi katoka chooni kapauka. Kakojoa nyekundu! Akakaa kitandani, akaniusia nimtunze dada yake, nisimpigie kelele. Nilipomweleza kisa cha makopo akanirushia kiatu. Tukacheka hadi machozi. Yeye ikabidi akae chini kupata pumzi. Alikaa sana.

Lorna kaona. Kaniuliza mbona kaka yake ana rangi ile. Nikasema bitiruti.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata mpango! Ballantyne hataki kazi isimamishwe kwa ajili ya vipimo. Kwa hiyo kesho watu wakiwa wananyoa, sista atapata mmoja wawili tu wakati wa chai, kisha aondoke zake. Ninachohitaji ni kondoo wakavu. Hapo hapo mbingu ikafunguka.

Kondoo akilowa hanyolewi. Anayeamua si mimi wala mwenye shamba. Kila mnyoaji hunyoa wawili, kisha huandika kura yake ya siri, wamelowa au wakavu, na wengi wape. Sheria hiyo ilikuwepo kabla babu yangu hajashika mkasi.

Mchana kutwa nimeswaga kondoo chini ya sakafu ya banda, mimi na mbwa, mvua inanipiga mgongoni. Mia sita nimewabana humo, wakavu kabisa. Mimi ndiye niliyelowa. Baada ya hapo nikazunguka kwa wanyoaji, mmoja mmoja. Nikawaahidi bia, mradi kesho wapige kura ya ukavu.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kura zimetoka: tano zinasema wamelowa, moja inasema wakavu. Kondoo wenyewe wakavu kama biskuti! Nilimfuata Dessie, mkubwa wao, nikamuuliza kulikoni. Akanitolea macho. "Tangu lini bosi anamnong'oneza mnyoaji kura yake? Ungenyamaza, Merv, tungekuwa tunanyoa saa hizi. Bia yako kanyweshe mbwa."

Ile kura moja ilikuwa ya Clarrie. Kaniambia mwenyewe, kwa aibu. "Nilikuona unavyohangaika na mvua, shemeji. Nikakuonea huruma."

Basi, kazi hakuna, watu wote wako bure, na sista Noeleen huyo hapo na mashine zake. Dessie kakutwa sikio la kushoto halisikii, kapewa vya kuzibia masikio. Anatamba navyo kama bibi harusi. Zamu ya Clarrie ilipokaribia, nikamtuma mjini akaninunulie mafuta ya mashine za kunyolea. Mafuta ninayo, pipa zima. Akaenda, hakuuliza.

Sista kamngoja hadi jioni. Wakati wa kuondoka kaniambia kwamba aliyetaka kumwona kuliko wote ni yule bwana aliyepanda ngazi ameshikilia ukuta. Asinyoe kondoo hata mmoja. Nimpeleke kliniki mjini kesho asubuhi, asubuhi na mapema. Nikamwambia sawa.

Lorna alikuwa anamenya viazi. Kaniuliza kama kaka yake amepimwa. Nikasema ndiyo. Kaniuliza moyo wake je. Nikasema mzima kama ng'ombe. Akatua kisu, akanikumbatia. Hajanikumbatia hivyo miaka mingi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kondoo wakavu. Nikasema tumalize wiki, kliniki ataenda Jumatatu.

Clarrie amekufa. Ilikuwa baada ya chai ya mchana. Alikuwa na kondoo kati ya magoti, kamaliza ubavu mmoja, akainama, hakuinuka. Kondoo akamponyoka, akakimbia na sufu inaburuzika. Dessie alimkandamiza kifua mpaka mikono ikamwisha nguvu. Ndege ya madaktari ilipotua hakukuwa na wa kubebwa.

Siwezi kuandika zaidi. Nilimpenda yule mtu.

Jumatano, 14 Agosti

Tumemzika. Sista alikuja. Lorna alimshukuru kwa kumpima kaka yake, na sista, maskini, akashangaa, akasema hakuwahi kumpima. Alimngoja hadi giza. Lorna akanigeukia. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mafuta ya mashine, Merv?"

 

Schultz alibeba jeneza upande wangu. Nilitaka anicheke, anitukane, nipate wa kugombana naye. Alinishika bega tu, na hilo liliniuma kuliko tusi. Nimelala zizini na mbwa.

Jumatatu, 26 Agosti

Ballantyne kavunja mkataba. Vizuri! Nimepata shamba jingine, mbali kabisa, njia mbovu, gari la vipimo halifiki. Huko watu watafanya kazi kwa amani. Nimefikiri sana juu ya msiba huu, na nimeona kosa lilipoanzia. Ni ile kura. Safari nyingine sitamnong'oneza mtu.

Lorna ameondoka. Amechukua sufuria zake na picha ya Clarrie ukutani, akaacha msumari. Namkosa. Napika mwenyewe na hakuna anayekula, hata mbwa.

Leo Dessie kanipa habari za Lorna. Anapika kwa Schultz. Na Schultz, unavyomjua, hata mpishi hamwachi. Kampeleka kwa sista kabla hajawasha jiko. Wamemkuta ana shinikizo la damu, kubwa, na moyo wa ukoo wao. Anameza vidonge asubuhi na jioni. Dessie anasema amepata nuru usoni, na ameanza kuimba tena jikoni.

Nimekaa hapa nikalia kwa ajili yake. Miaka ishirini na sita kakaa kwangu mzima wa afya. Wiki moja tu kwa Schultz, tayari mgonjwa.