Ombi la Kurudishiwa Kompyuta ya Polepole

Mkurugenzi wetu, na Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini safari inakwenda salama na kwamba huko uliko watu wananyamaza ukizungumza, kama tunyamazavyo sisi hapa hata usipokuwapo.

Kabla hujaondoka uliniagiza niipime kompyuta mpya tuliyoazimwa kwa majaribio, ile yenye prosesa ya viini thelathini na viwili, niilinganishe na yetu ya zamani yenye viini vinne, kisha nikuandikie kama inatufaa. Nimeipima. Jibu ni kwamba inatufaa kupita kiasi, na kwa sababu hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, irudishwe ilikotoka kabla haijatumaliza.

Kwa faida ya mhasibu, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako, nieleze kwamba viini ni vibarua walio ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kazi ya ofisi yetu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, ili mwenye kiwanja aione sebule yake kabla ya tofali la kwanza. Tukimaliza kuchora, kompyuta hubaki peke yake ikikokotoa mwanga, vivuli na mng'aro wa vigae. Hiyo ndiyo tunaita kupika picha. Na wewe mwenyewe ulitoa amri kwamba picha ikipikwa, kila mtu aache kompyuta yake na kwenda kukaa kwenye meza ndefu ya chumba cha nyuma, tangu siku ile mwenzetu Fundi Rangi alipofungua kalenda tu kwenye kompyuta inayopika, picha ya hoteli nzima ikapotea. Amri hiyo tumeitii kwa moyo mkunjufu miaka yote. Sasa nieleze madhara.

1. Kasi. Nilipika sebule ya mteja wetu mwenye duka la dawa, ile ambayo kompyuta ya zamani huitolea jasho tangu asubuhi hadi adhuhuri. Niliwasha birika, nikageuka kutafuta vikombe, na picha ikawa imeiva. Maji hayajaanza hata kuimba. Nilidhani imeharibika, nikairudia, ikaiva tena. Ili nisije nikaambiwa nimeionea, nikajaribu pia nyumba yetu wenyewe, ambayo ramani aliyoichora Baba bado iko kabatini. Hiyo nayo haikuchukua muda wa mtu kupiga chafya mbili. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa chai ofisini akiwa ameketi.

2. Uvivu. Usidhani hao vibarua thelathini na wawili wanafanya kazi siku nzima. Nimewachungulia. Wakati wa kupika kweli wote wanainama, lakini wakati wa kuchora, ambao ndio mwingi, anafanya kazi mmoja tu na wengine wote wanamtazama. Shangazi, wafanyakazi wa namna hiyo tunao tayari, nami ni mmoja wao. Hakuna haja ya kuongeza.

3. Joto na kelele. Inapopika, feni zake huvuma mpaka mteja mmoja akaniuliza kwenye simu kama niko uwanja wa ndege. Nilimjibu ndiyo, kwa heshima ya ofisi. Mhasibu, ambaye meza yake iko nyuma ya mashine, alilalamika asubuhi moja tu, halafu akagundua kwamba pale panakausha mwavuli vizuri. Sasa anaitetea mashine. Naomba maoni yake yasihesabiwe.

4. Wateja. Zamani mteja akisema tubadilishe rangi ya paa, tulimwambia arudi kesho kutwa. Akienda nyumbani, akalala, akaamka, anagundua kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Leo anasimama nyuma ya kiti chako na kupewa paa jipya papo hapo. Huyo wa duka la dawa alivaa na kuvua mapaa mpaka nikapoteza hesabu, kisha akachagua lile la kwanza na kuniambia nilipaswa kumshauri mapema.

Lalamiko la tano ndilo lililonikalisha niandike, na hapa naomba niweke utani pembeni kidogo.

5. Baba. Unajua kwamba tangu kaka yako astaafu kuchora ramani, kila mchana hupita hapa wakati wa kupika, gazeti kwapani, akijifanya alikuwa na shughuli mtaa wa pili. Tunamwachia kiti cha mwisho wa meza, naye anatueleza ni nyumba ipi mjini alipigania iwe na baraza na ipi mwenye nyumba alikataa ngazi. Kila wiki lazima tumchokoze atusimulie dirisha. Wewe unakijua kisa, ila mhasibu huwa haamini: mchoraji wa nusu ya mji huu alipochora nyumba yake mwenyewe aliigeuza ramani kwa bahati mbaya, akaipitisha hivyo hivyo, na fundi akajenga. Dirisha la jiko likaangalia ukuta wa jirani, na choo kikapata bonde lote na machweo yake. Mama amepika miaka yote akiwa amewasha taa mchana. Baba akifika hapo kwenye hadithi hucheka kuliko sote, halafu hukunjua gazeti lake.

Siku ya kwanza ya mashine mpya alikuta meza haina mtu. Alikaa peke yake na gazeti lake, sisi tumeinamia kazi, kwa kuwa amri yako inasema meza ni wakati wa kupika na kupika kumekwisha kabla hakujaanza. Siku ya pili alisimama mlangoni akauliza, "Leo mnapika saa ngapi?" Nikamwambia tumeshapika. Akasema, "Basi msijisumbue, mimi nilikuwa napita tu," akashuka ngazi. Hajarudi. Mama ananiambia kwenye simu kwamba ikifika mchana huvaa viatu vyake, akakaa navyo sebuleni. Shangazi, liliniuma sana hilo. Nilimpigia, akaniambia yuko salama na kwamba nisipoteze muda wa kazi.

Kwa hiyo nina maombi, nayo nimeyapanga ili ukikataa moja uone aibu kukataa linalofuata. Kwanza, mashine irudishwe. Ikishindikana, nipewe kibali cha kuzima viini ishirini na vinane, jambo ambalo nimesoma linawezekana, tubaki na vinne tulivyovizoea. Hilo likishindikana, ofisi ianze kuchora kila nyumba pamoja na mtaa wake, kila mti na majani yake, kila jani na mishipa yake, mpaka hao vibarua wapate kazi ya kuwatosha mchana kutwa. Na hilo nalo likishindikana, basi tuchukue kazi ya kuchora bahari, wimbi kwa wimbi. Mteja wa bahari hatunaye, lakini naamini ukirudi utamtafuta.

Nakutakia kazi njema na urejee salama. Fundi Rangi anakusalimu, mhasibu anakusalimu na mwavuli wake mkavu, na Mama anasema usisahau kula.

Ni mimi mtiifu wako, ofisini na nyumbani,

Mtoto wa kaka yako,
meza ya pili kutoka mlangoni

Tanbihi: Jana barua ilikuwa imeshafungwa niliposikia viatu kwenye ngazi. Mama alikuwa amemtuma Baba aniletee miwani niliyoisahau kwao. Alinikuta nimefungua lile jaribio la nyumba yetu, akaliangalia muda mrefu, akauliza kama dirisha lile linaweza kuhama. Nikalihamishia upande wa bonde. Kabla hajavuta kiti, jua likawa limeingia jikoni. Akasema tulisogeze kidogo. Tukalisogeza. Akasema turudishe. Kumbe huyo wa duka la dawa ni mstaarabu, ukimlinganisha na Baba.

Leo amefika kabla yangu. Fundi Rangi na mhasibu wameleta viti kutoka chumba cha nyuma na wote wako mgongoni kwake wanabishania sinki. Chai imepoa mezani, na hakuna anayeikumbuka. Adhuhuri alimpigia Mama simu aje aone jiko lake. Mama amepanda ngazi taratibu, amevaa miwani, ameitazama picha, kisha akamwambia, "Limependeza. Jumatatu fundi aje na nyundo." Sasa Baba anachora jiko la zamani, fundi ajue pa kubomoa.

Malalamiko yote matano yafutwe. Tafadhali usiirudishe mashine, na ikiwezekana ongeza ya pili, yenye viini vingi zaidi, kwa kuwa hii nimenyang'anywa, na maneno haya nayaandika nimesimama, kwenye meza ya mhasibu, kando ya mwavuli.